Ada ya maegesho katikati ya mji: bei ianzie wapi, na ibadilishwe vipi?

Swali: "Halmashauri yetu imekubali kuanza kutoza ada ya maegesho katikati ya mji, ambako hadi sasa watu wanaegesha bure. Mimi ni mjumbe wa kamati iliyopewa kazi ya kupendekeza bei. Wenye maduka wanasema wateja watakimbia. Watu wa fedha wanataka bei ya juu tangu siku ya kwanza ili mapato yaonekane. Tuanze na bei gani? Na tukishaanza, tutaibadilishaje bila kuzua ugomvi kila mara?"

Ndugu mjumbe, bei sitakutajia. Yeyote atakayekutajia bei kabla ya kuhesabu magari yanayoegeshwa kwenye mitaa yenu anabahatisha, hata kama kazi hii ameifanya miaka mingi. Ninachoweza kukupa ni njia ya kuifikia bei hiyo, na kanuni ya kuipandisha na kuishusha baadaye ambayo watu wataielewa hata wasipoipenda. Lakini yote hayo yanategemea jambo moja ambalo, kwa jinsi ulivyoandika, kamati yenu haijaafikiana: ada hii inatozwa ili ifanye kazi gani?

Watu wa fedha wanasema ni ya mapato. Wenye maduka wanaiona kuwa kodi nyingine. Nakusihi mshike jibu la tatu: ada ipo ili mtu anayefika mjini na gari apate nafasi karibu na anapokwenda, bila kuzunguka. Bei sahihi ni ile ya chini kabisa inayokiwezesha kila kipande cha mtaa, yaani kutoka njia panda moja hadi nyingine, kubaki na nafasi moja au mbili wazi karibu muda wote. Nafasi zikijaa, bei ni ndogo mno. Nusu yake zikiwa tupu, bei ni kubwa mno. Fedha zitaingia, ila zisiwe ndiyo shabaha.

Wazo hili ni la siku nyingi. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alipendekeza tangu mwaka 1954 kwamba bei ya kuegesha kando ya barabara ipande nafasi zinapokaribia kwisha na ishuke zinapobaki nyingi. Vifaa vya wakati huo havikuwa vya kufanya hivyo kwa urahisi. Baadaye Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, alilipigania wazo hilo kwa miongo kadhaa hadi likaanza kuingia kwenye sheria za miji. Kipimo alichokizoesha ni asilimia 85: katika kila nafasi saba, sita zina magari na moja iko wazi. Msiifuate namba hiyo kwa upofu. Kwenye kipande kirefu chenye nafasi 20, asilimia 85 inakuachia nafasi tatu. Kwenye kipande chenye nafasi tano, haikuachii hata moja nzima. Ndiyo maana nasisitiza "nafasi moja au mbili", kitu ambacho dereva na mwenye duka wanaweza kukiona kwa macho yao.

Sasa tuwasikilize wenye maduka, maana hofu yao ina msingi, ila mara nyingi haimlengi mhusika. Nenda mitaa yenye biashara nyingi asubuhi na mapema, maduka yakiwa yanafunguliwa. Magari utakayoyakuta kwenye nafasi nzuri kuliko zote si ya wateja. Ni ya wauzaji, makarani, wenye ofisi za ghorofani, na wakati mwingine ya wenye maduka wenyewe. Gari moja la mfanyakazi likikaa saa tisa mbele ya duka, nafasi ile ile ingeweza kupokea wateja 12 wanaokaa dakika 45 kila mmoja. Zidisha hesabu hiyo kwa magari kumi ya wafanyakazi kwenye mtaa mmoja, uone ni wateja wangapi wamekosa mahali pa kusimama. Maegesho ya bure humfaa anayewahi kufika na kukaa muda mrefu. Mteja hafanyi hivyo.

Hata mita ya kwanza ya maegesho duniani, yaani kifaa cha kulipia kando ya barabara, ilitokana na malalamiko haya haya. Iliwekwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, na ada yake ilikuwa senti tano kwa saa. Carl Magee, mtu wa magazeti aliyekuwa akiongoza kamati ya trafiki ya chama cha wafanyabiashara cha mji huo, alikuwa anatafuta namna ya kuwaondoa watu walioegesha kutwa nzima ili wanunuzi wapate pa kuegesha. Ada ya maegesho, kwa asili yake, ilidaiwa na wenye biashara wenyewe. Waambieni hivyo kwenye mkutano.

Waambieni pia wawaulize wateja wao wanafikaje. Huko Bristol, Uingereza, utafiti wa mwaka 2006 uliwauliza wenye maduka ni wateja wangapi waliokuja kwa gari. Wakakadiria asilimia 41. Wateja walipoulizwa wenyewe, ilikuwa asilimia 22. Sisemi hali ni hiyo kila mji. Nasema mwenye duka humkumbuka zaidi mteja aliyelalamika kwamba hakupata pa kuegesha, na aliyekuja kwa miguu au kwa basi hana la kulalamikia. Wiki moja ya kuuliza mlangoni, maswali mawili tu, itawapa picha yenu wenyewe.

Hapo hapo niseme jambo ambalo pengine watu wa fedha hawatalipenda. Mkihesabu na kukuta mitaa haijai, msitoze. Mtaa ambao nafasi zake nusu ziko tupu saa za kilele hauna tatizo ambalo ada inaweza kulitatua. Ukitoza hapo utakuwa umeweka kodi ya kuingia mjini, na mwenye duka aliyesema wateja watakimbia atakuwa amesema kweli. Ada ni dawa ya msongamano wa nafasi. Pasipo na msongamano huo, tafuteni mapato kwingine.

Tuje kwenye kuhesabu, kwa sababu kazi yote iko hapa na ndipo kamati nyingi huharakisha. Chukueni ramani ya eneo, mpe kila nafasi namba yake, pamoja na nafasi za viwanja vya maegesho vya umma na vya binafsi vilivyo karibu. Gawanyeni eneo kwa njia ambazo mtu mmoja anaweza kuzipita kwa miguu ndani ya nusu saa au saa moja. Kila mhesabu arudie njia yake tangu kabla maduka hayajafunguliwa hadi mitaa itakapotulia usiku, na kwenye kila nafasi aandike tarakimu tatu au nne za mwisho za namba ya gari lililopo, au alama ya wazi. Namba nzima haihitajiki, na orodha hizo ziharibiwe hesabu ikikamilika. Watu wana haki ya kutofuatiliwa. Fanyeni siku ya kawaida katikati ya wiki na siku ambayo mji wenu hujaa kuliko nyingine. Epukeni sikukuu na siku za mvua kubwa.

Karatasi hizo zitawapa vitu viwili. Cha kwanza ni kiwango cha kujaa, kipande kwa kipande, saa kwa saa. Cha pili, ambacho kamati nyingi hukisahau, ni muda ambao kila gari limekaa. Bila hicho cha pili hamtajua kama mtaa umejaa kwa sababu wateja ni wengi au kwa sababu magari 15 ya wafanyakazi hayajasogea tangu asubuhi. Msishangae mkikuta kiwango kinapita asilimia 100: maana yake kuna magari yaliyosimama pasiporuhusiwa, kwenye kona, mbele ya mageti, au kwenye mstari wa pili. Yahesabuni pia. Dereva aliyesimama vibaya anawaambia kwamba alitafuta nafasi akakosa.

Kitu kimoja hujitokeza karibu kila hesabu ya namna hii. Mji ambao kila mtu anasema "umejaa" huwa una mitaa miwili mitatu iliyojaa kabisa, na dakika tatu kutoka hapo kuna nafasi zinazolala tupu kutwa. Kama kwenu ni hivyo, bei moja kwa eneo zima itakuwa kosa. Toza kwenye kiini kinachojaa, weka bei ndogo kwenye mzunguko unaofuata, na acha bure mitaa ya nje ambako mfanyakazi anaweza kuacha gari akatembea. Hapo haki nayo inatimia: karani wa mshahara mdogo anabaki na pa kuegesha bila kulipa, ila si mbele ya mlango wa duka.

Kuhusu magari yanayozunguka kutafuta nafasi, utasikia namba moja ikirudiwa sana, kwamba asilimia 30 ya magari mjini yanatafuta maegesho. Itumieni kwa tahadhari. Inatokana na wastani wa tafiti 16 za kati ya mwaka 1927 na 2001 ambazo Shoup alizikusanya, na yeye mwenyewe alieleza kwamba watafiti walikwenda mahali ambapo walitarajia kukuta watu wakizunguka. Haisemi chochote kuhusu mji wenu. Kama mnataka kujua hali yenu, mpe mtu gari, mwambie aende anwani fulani saa ya kilele, na mpimeni muda kutoka afikapo hadi azimapo injini. Mrudie mara nyingi, siku tofauti. Fanyeni hivyo kabla na baada ya kuanza kutoza; hakuna takwimu itakayowatetea vizuri zaidi.

Basi bei ya kuanzia. Angalieni kwanza viwanja vya maegesho vinatoza kiasi gani kwa saa, vikiwepo. Kando ya barabara ndipo mahali pazuri zaidi, na panapaswa kuwa ghali kuliko kiwanjani au ghorofani. Miji mingi imepindua jambo hili: mtaani bure au rahisi, kiwanjani ghali, kisha wanashangaa kiwanja ni kitupu na mtaani magari yanafuatana mkia kwa kichwa. Anayekaa saa nzima ya chakula au siku nzima ya kazi avutwe kwenda kiwanjani kwa bei. Anayeingia kununua dawa alipe kidogo zaidi kwa dakika zake chache na asimame mlangoni.

Wapo watakaokushauri muanze na bei ya chini sana ili watu wazoee. Siungi mkono. Bei ambayo haimfanyi hata mtu mmoja aamue tofauti inamuudhi kila dereva na haifungui hata nafasi moja. Mtapata lawama yote bila faida yoyote, na wenye maduka watakuwa na ushahidi kwamba mradi umeshindwa. Wekeni bei ya kiasi ambacho mfanyakazi akiijumlisha kwa saa zake zote za kazi ataona afadhali aegeshe mbali, na mteja wa dakika 45 akiilipa asiikumbuke akifika nyumbani. Kati ya hayo mawili pana uwanja mpana. Chagueni ndani yake, na mtangaze waziwazi kwamba bei hii ni ya kuanzia, kwamba itapimwa baada ya miezi michache, na kwamba inaweza kushuka.

Saa za kutoza zifuate hesabu, si saa za ofisi za halmashauri. Mtaa wa maduka ukiwa na nafasi tele hadi saa nne asubuhi, hakuna sababu ya kutoza kuanzia saa mbili. Mtaa wa migahawa ukifurika saa mbili usiku, kuacha kutoza saa kumi na mbili jioni ni kuondoa ulinzi pale unapohitajika, na waajiriwa wa zamu ya usiku watazichukua nafasi zote dakika moja baada ya ada kukoma.

Na vikomo vya muda, kama "kuegesha si zaidi ya saa mbili"? Hapa nina msimamo. Pale bei inapofanya kazi yake, kikomo ni mzigo. Mfanyakazi husogeza gari nafasi mbili mbele kila saa mbili, na mkaguzi hana la kufanya. Mteja anayekula, kisha kunyolewa, kisha kununua nguo, hukatiza matembezi yake kwa hofu ya faini, na huyo ndiye mnayemtaka akae. Redwood City, mji mdogo wa California, ulipopitisha mwaka 2005 sheria ya kupanga bei kwa shabaha ya asilimia 85, uliviondoa vikomo vya muda katikati ya mji. Kama baraza lenu linaogopa kuvifuta, tumieni bei inayopanda kadiri muda unavyosogea: saa mbili za kwanza bei ya kawaida, saa ya tatu juu zaidi, ya nne juu tena. Anayetaka kukaa akae, ila alipe gharama ya nafasi aliyoizuia.

Dakika za bure za mwanzo zinapendwa na wanasiasa, nami sizipingi moja kwa moja. Jueni tu kwamba zinahitaji mfumo unaosajili namba ya gari kila linapoingia, la sivyo watu watachukua dakika 20 za bure mara sita kwa siku. Kama hamna mfumo huo, ziacheni.

Usimamizi ndio utakaoamua kama watu wataiona ada kuwa halali au kuwa mtego. Faini ndogo ambayo mkosaji ana hakika ya kuipata hubadilisha tabia kuliko faini kubwa inayomwangukia mmoja kati ya mia. Wiki za kwanza toeni onyo la maandishi, lenye maelezo ya jinsi ya kulipa. Baada ya hapo, kosa la kwanza liwe na faini nafuu na ya pili ipande. Aliyechelewa dakika chache asiadhibiwe. Huko England, tangu mwaka 2015 sheria inazitaka halmashauri zimpe dereva dakika 10 baada ya muda aliolipia kwisha. Malipo yawezekane kwa simu, kwa kadi na kwa fedha taslimu, kwa sababu wapo wazee na wageni ambao simu zao haziwezi, na mtu aliyekuwa tayari kulipa akakosa njia ana haki ya kukasirika. Bango liseme bei, saa na namna ya kulipa, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye usukani.

Kuna desturi moja ambayo nawaomba muikatae kabisa: kufunga gurudumu kwa chuma kwenye nafasi za kulipia. Gari limezidisha muda, kwa hiyo nafasi imezuiwa. Nanyi mnaifunga ili ibaki imezuiwa saa nne zaidi hadi mwenyewe apatikane na alipe? Mmeadhibu mtu mmoja na kuwanyima nafasi watano. Andikeni faini, gari liondoke. Gari linalozuia njia ya magari ya dharura au njia ya mtu mwenye ulemavu livutwe papo hapo.

Swali lako la pili, la kubadilisha bei, ndilo gumu, na miji mingi hukwama hapo. Ugomvi huzuka kwa sababu kila badiliko la bei linapelekwa barazani kama hoja mpya. Madiwani wanapiga kura juu ya bei, magazeti yanaandika, wenye maduka wanaandamana, na baraza linaapa kutoigusa tena kwa miaka kumi. Miaka kumi ikipita bei imekuwa si kitu, mitaa imejaa tena, na badiliko linalohitajika ni kubwa kiasi cha kuogofya.

Dawa yake ni kulifanya baraza lipige kura mara moja tu, juu ya kanuni. San Francisco ilifanya hivyo kwenye mradi wa SFpark, ulioanza mwaka 2011 kwa mita zipatazo 7,000. Shabaha ilikuwa kila kipande kijae kati ya asilimia 60 na 80. Kikiwa ndani ya kiwango hicho, bei haikuguswa. Kikizidi 80, bei iliongezwa senti 25 za dola kwa saa. Kikiwa kati ya 30 na 60, ilipunguzwa senti 25. Chini ya 30, ilipunguzwa senti 50. Bei haikuruhusiwa kushuka chini ya sakafu ya senti 25 wala kupita dari ya dola 6, na siku iligawanywa mara tatu: kabla ya saa sita mchana, saa sita hadi saa tisa, na baada ya saa tisa. Mabadiliko yalifanywa kila baada ya wiki kadhaa na kutangazwa mapema. Hakuna mtu aliyekaa akaamua mtaa gani upandishwe; magari yenyewe yaliamua.

Tathmini iliyotolewa mwaka 2014 ilikuwa na jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Wastani wa bei kwenye mita za mradi ulishuka, kutoka dola 2.69 hadi dola 2.58 kwa saa, na kwenye maghorofa ya maegesho kutoka dola 3.45 hadi dola 3.03. Muda wa kutafuta nafasi ulipungua kwa asilimia 43 kwenye maeneo ya mradi, wakati maeneo ya kulinganisha yalipungua kwa asilimia 13. Bei ya mitaa mingine ilipanda, ya mingine ikashuka. Mwaka 2018 mji ukaupeleka mfumo huo kwenye mita zake zote.

Usiseme "wao wana teknolojia, sisi hatuna". Vitambuzi vya kuhisi magari vilivyofukiwa barabarani San Francisco vilizimwa mwishoni mwa mwaka 2013, na mji ukaendelea kurekebisha bei kwa kukadiria kujaa kutokana na malipo. Kwa mji wenu, hesabu ya mkono mara mbili au tatu kwa mwaka inatosha. Tahadhari moja tu: malipo peke yake yanadanganya. Mtaa wenye wakwepaji wengi, au wenye magari mengi yenye vibali vya kuegesha bila kulipia, utaonekana mtupu kwenye mfumo wa malipo huku umejaa. Hesabu ya macho ndiyo irekebishe hesabu ya kompyuta.

Nikushauri pia jambo la kisiasa zaidi ya la kitaalamu. Katika marekebisho ya kwanza, hakikisheni mnatekeleza kila punguzo ambalo kanuni inalitaka, siku ile ile mnayotekeleza maongezo. Atakayejaribu kuchelewesha punguzo "mpaka mwaka wa fedha uishe" ataua imani ya watu, na imani hiyo hairudi kwa tangazo. Mwenye duka wa mtaa wa nyuma akiona bei ya mtaa wake imeshuka kwa sababu ulikuwa mtupu, ataamini kwamba kanuni ni kanuni.

Kuhusu fedha zinazokusanywa, mfano ninaoutegemea zaidi ni Old Pasadena, eneo la kale la mji wa Pasadena, California. Mita zilipopendekezwa, wenye biashara walipinga kwa hoja hizi hizi unazozisikia. Walikubali, na mita zikawekwa mwaka 1993, baada ya mji kuahidi kwamba mapato yatabaki eneo lile lile. Mji ulikopa dola milioni 5 kwa kutegemea mapato ya mita, ukatengeneza vichochoro, taa, miti na njia za miguu, na mapato yakawa yanalipa deni. Wapinzani wakageuka watetezi kwa sababu waliona kila siku ni nini kimenunuliwa kwa fedha zile. Fedha ikiingia kwenye mfuko mkuu wa halmashauri, hata ikitumika vizuri namna gani, hakuna atakayeiona.

Na mkiamua kumpa mzabuni kazi ya kukusanya, someni mkataba wa Chicago kabla ya kusaini wenu. Mwishoni mwa mwaka 2008 baraza la mji huo liliidhinisha kukodisha mita zipatazo 36,000 kwa miaka 75 kwa takriban dola bilioni 1.15 zilizolipwa mara moja. Mkaguzi mkuu wa mji alikadiria mwaka uliofuata kwamba thamani yake ilizidi kiasi hicho kwa dola milioni 974 hivi. Mbaya zaidi kwa maoni yangu, mji hauna tena uhuru na mitaa yake: ukifunga barabara au ukiondoa nafasi kuweka njia ya baiskeli, unaweza kudaiwa fidia. Kwenye mkataba wenu haki ya kupanga bei, kuishusha, na kuondoa nafasi ibaki mikononi mwa halmashauri. Mzabuni alipwe kwa huduma, kiasi kinachojulikana. Asilipwe kwa idadi ya faini hata siku moja, maana atatafuta makosa badala ya kutafuta utaratibu.

Mitaa ya makazi iliyo jirani na eneo la ada iandaliwe kabla ya siku ya kwanza, kwa vibali vya wakazi, la sivyo mtakuwa mmeuhamisha msongamano hadi milangoni mwa watu. Vibali visizidi idadi ya nafasi zilizopo. Nafasi za watu wenye ulemavu ziongezwe, na za kupakua mizigo zitengwe kwa saa maalumu; lori lisilo na pa kusimama husimama katikati ya barabara.

Kwa mkutano wenu ujao, ningependekeza azimio lenye maneno ya namna hii: "Shabaha ya ada ya maegesho ni kuwa na angalau nafasi moja wazi katika kila kipande cha mtaa saa za kutoza. Mkurugenzi atahesabu kiwango cha kujaa mara mbili kwa mwaka na kuchapisha matokeo. Kipande kilichozidi asilimia 85 kitaongezewa bei hatua moja. Kilicho chini ya asilimia 60 kitapunguziwa hatua moja. Hatua, sakafu na dari ni kama zilivyo kwenye jedwali. Mabadiliko yatatangazwa siku 30 kabla. Mapato, baada ya gharama, yatatumika ndani ya eneo la ada, kwa ushauri wa kamati ya wenye biashara na wakazi." Jedwali ndilo litakalobeba namba zenu, na mtalijaza baada ya kuhesabu.

Watu wa fedha waombwe jambo moja: bajeti ya mwaka wa kwanza iyaandike mapato ya maegesho kuwa sawa na gharama za kuyakusanya, bila ziada. Ziada ikiandikwa mapema, kuna mtu atakuwa ameshaitumia, na punguzo la kwanza ambalo kanuni italidai litakuta mlango umefungwa.